Fimbo ya Mpera, Fimbo ya Nyayo

Kiswahili hakijawahi kukosa majina ya fimbo. Mkongojo ni wa kikongwe. Bakora ina kishikio kilichopinda. Rungu lina kichwa. Mkwaju ni mti, halafu ni fimbo iliyokatwa kwenye mti huo huo. Lakini sisi tuliosoma shule za Kenya tumebaki na maana moja tu: kula bakora. Adhabu hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2001, ila muulize mtoto yeyote.

Pande za Shianda, fimbo nzuri huanza kwa kuokota. Tangu kiwanda cha Mumias kianze kusaga mwaka 1973, miwa ilimeza mashamba, na miti mingi iliyobaki ni ya mipakani na kando ya mito. Mchongaji hutafuta tawi la mpera lililoanguka, au mche uliokabwa na mmea wa kutambaa hadi ukajisokota kama nyoka. Akiung'oa na mzizi wake, lile fundo la chini ndilo litakuwa kichwa cha ndege. Mti hukaushwa kivulini, pole pole. Ukiuharakisha juani unapasuka. Palipopinda hupashwa moto kwenye majivu na kunyooshwa gotini. Gome hutolewa kwa kisu, mwili hulainishwa kwa kigae cha chupa, michoro huchomwa kwa chuma cha moto. Kipimo hakihitaji futi: simama wima, legeza mkono, kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko cha kiganja.

Jasho lote hilo la nini? Kwa sababu mzee akisimama barazani na fimbo yake, watu hunyamaza. Ni kama ruhusa ya kusema.

Waingereza walilielewa hilo haraka. Miaka ya 1890 walimkuta Nabongo Mumia akitawala Wanga, na badala ya kuanza upya wakautumia utawala wake. Mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu, na jamaa zake wakapewa majirani wawatawale. Mulama, nduguye, akapewa Wamarama. Kodi ya nyumba ikakusanywa kupitia machifu. Nadhani hapo ndipo fimbo ya kusemea ilipoanza kuwa fimbo ya kuamrishia, na mwalimu wa darasa la nne akairithi kutoka kwa chifu, si kutoka kwa babu yake.

Moi alikuwa mwalimu kabla ya siasa. Kenyatta alipunga usinga. Moi alishika rungu kuanzia 1978 hadi 2002, na nchi nzima ikalijua kama fimbo ya Nyayo. Februari 2020, kwenye mazishi yake Kabarak, Raymond aliikabidhi kwa mdogo wake, Gideon. Watu wa Nairobi wakaona siasa. Ilikuwa siasa, sawa, lakini Waluhya wengi wangetambua jambo lingine pia: ile siku ya kunyoa baada ya mazishi, madeni ya marehemu yanapotajwa, mali ikagawanywa, na vitu vyake vya mkononi vikapata mwenyewe mpya. Mwaka 2022 Gideon alipoteza kiti cha useneta Baringo, fimbo akiwa nayo.

Huku kwetu anayepewa ni mwana wa kiume. Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika 1981, haibagui mtoto wa kike na wa kiume, na mabinti wamekwenda kortini kudai mashamba ya baba zao. Sijasikia bado aliyekwenda kudai fimbo.