Abiria wasio na majina

Ukitoka Morogoro mjini kuja kwetu Matombo unapita Bigwa, Kiroka, halafu Mkuyuni. Mvua zikianza kunyesha safari hiyo ni ya kumwomba Mungu. Lakini hata gari likipinduka, jambo moja halina shaka: tutajua nani alikuwemo. Aliyekaa mbele ni mwalimu fulani, mwenye tenga la ndizi ni shangazi yake fulani. Kabla jua halijazama msiba umeshafika nyumbani kwao.

Leo nataka kuandika juu ya wale wanaopita nchini kwetu na kufa bila ya msiba.

Si jambo la jana. Chini ya milima yetu, upande wa Duthumi na Kisaki, ilipita njia ya misafara kutoka pwani. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita Duthumi hoi kwa homa, wakielekea Ziwa Tanganyika. Walipokwenda mbele, Usagara, walikuta maiti njiani. Walikuwa watu wa misafara walioshikwa na ndui, wakaachwa. Wengine walikuwa bado wanatembea, wamepofuka kwa ugonjwa. Pembe za ndovu zilipofika pwani zilipimwa kwa frasila, na mwenye mali alijua kilichopungua. Mpagazi aliyebaki porini nani alimhesabu?

Ikaja vita ya kwanza ya dunia. Waingereza waliingia Morogoro mwezi Agosti 1916, wakawafuata Wajerumani pande zote mbili za Uluguru hadi Kisaki, ambako walipigana Septemba. Huku kwetu wanajeshi wa pande zote mbili walikula chakula cha wenyeji na kubebesha watu mizigo. Katika vita ile wapagazi walikufa kwa makumi elfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Maafisa wana makaburi yenye mawe na majina. Wapagazi wameachiwa jina moja la jumla, Kariakoo, ambalo sisi tunalijua kama soko!

Sasa njoo kwenye zama zetu. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, vijana wa Ethiopia walianza kwenda kule kutafuta maisha, hasa wa kusini mwa nchi hiyo, sehemu za Hadiya na Kembata. Wanashuka Kenya, wanaingia Tanzania, kisha wanatafuta njia ya kufika Malawi au Zambia. Barabara kuu inayopita Morogoro kwenda Iringa na Mbeya wanaijua bila kuiona, maana wengi wanapitishwa usiku ndani ya giza la lori.

Na kwa nini lori, wakati mabasi yapo? Kuingia nchini bila kibali ni kosa la jinai, adhabu yake ni jela au kurudishwa kwao. Ndani ya basi kuna macho. Kwa hiyo dalali anawatoa kwenye kiti na kuwaingiza nyuma, chini ya turubai au ndani ya kontena, juu ya gunia au chini yake. Akifika kwenye mizani pale, kijana wa watu anakuwa kilo tu.

Tarehe 26 Juni 2012 wanakijiji wa Chitego, wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, walikuta miili imetupwa porini. Ilikuwa zaidi ya 40. Walikuwa Waethiopia, wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori lililofungwa. Wenzao zaidi ya 70 walikutwa hai, wamedhoofika. Dereva alipogundua kuwa shehena yake imekufa, aliishusha akaondoka. Fikiria hapo: dereva wa basi akipata ajali anaweza naye kukimbia, lakini basi linabaki pale barabarani, na watu wanakuja. Huyu aliondoka na gari lake.

Juni hiyo hiyo Waethiopia wengine zaidi ya 40 walizama na boti Ziwa Nyasa, upande wa Malawi. Tarehe 24 Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likiwa na watu 78, na 64 kati yao walikuwa wamekufa. Desemba 2022 miili 27 ilitupwa kando ya barabara Ngwerere, Lusaka. Tarakimu tunazo, tena hadi ya mwisho. Majina je?

Mimi sisemi mipaka ifutwe. Lakini mwezi Januari 2021, Rais Magufuli alipokutana na Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, kule Chato, alitangaza kuwaachia wafungwa 1,789 wa Ethiopia. Watu 1,789! Sheria ilikuwa inafanya kazi miaka yote hiyo, jela zikajaa, na malori hayakukoma. Sheria iliwabana abiria, dalali akapandisha nauli.

Nimalizie na kisa nilichokiona mwenyewe. Basi letu lilisimamishwa kizuizini usiku, baada ya Mikumi. Askari akapita katikati ya viti anasalimia, "Habari za safari?" Tukajibu mmoja mmoja. Vijana wawili wa kiti cha nyuma yangu wakatabasamu tu. Wakaambiwa washuke. Wakashuka kimyakimya, na mfuko mmoja wa plastiki kati yao.

Tiketi zao zilibaki kwenye kiti. Nikaziokota nikasoma. Moja iliandikwa Juma, na ya pili nayo Juma. Kama tungepinduka kabla ya pale, hivyo ndivyo ambavyo wangesomwa redioni asubuhi, na kule Hosaena mama yao angeendelea kusubiri simu.