JESHI LA KARATASI ZA DENI, NA JASHO LA NDUGU YAKO



Ndugu yangu uliyeko Ujiji, Kigoma na popote unaposoma, leo tukae na historia ya nyumbani. Soma mpaka mwisho, maana mwishoni kuna swali lako.

Zamani njia ya Ujiji kwenda Tabora ilitikiswa na rugaruga wa Mtemi Mirambo. Vijana wenye bunduki. Unajua mshahara wao ulikuwa nini? Nyara. Jeshi la namna hiyo hushikamana maadamu kuna cha kuteka na yuko mtu wa kulishika. Mirambo alifariki mwaka 1884, na haikupita miaka mingi dola yake ikasambaratika.

Wakaja Wajerumani. Mwaka 1889 Wissmann alileta Wasudani kutoka Misri, wengi wao Waislamu, akawapa mshahara wa kila mwezi kwa rupia, kuliko apatavyo kibarua. Vita vilipoanza 1914, jeshi lile lilikuwa na kampuni 14, askari wapatao 2,500 tu. Watu huuliza: kwa nini walimpigania mkoloni miaka minne? Ndugu yangu, ilikuwa rupia, cheo, na familia iliyofuata nyuma ya kampuni. Wala siwasifu. Askari hao hao ndio waliotumwa kuua watu wetu wakati wa Maji Maji.

Julai 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma. Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe, ndiyo hii Liemba yetu. Fedha zilikuwa adimu hata wakachonga sarafu Tabora. Mwishowe, Novemba 25, 1918, wakasalimu amri Abercorn, leo Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa letu. Askari aliweka bunduki chini, akaondoka na karatasi ya deni.

Mwaka 1964, miaka 46 baadaye, ndipo Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa wazee waliosalia. Wangapi walikuwa wamekwisha zikwa?

Na wapagazi je? Jina la Kariakoo linatokana na jeshi la wapagazi la Waingereza. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia warithi.

Sasa tazama upande wetu. Sayyidna Umar (r.a.) aliweka diwani: majina yakaandikwa, kila mwenye haki akajulikana fungu lake. Alijua kwamba utii usiolipwa haki yake ni dhulma kwa anayetii. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi upesi, jasho likiwa bado mwilini.

Utasema: shekhe, mimi sina jeshi. Unalo! Vijana wanaokesha ziwani na mtumbwi wako wakivua dagaa ni jeshi lako. Binti anayekulelea watoto ni jeshi lako. Fundi uliyemwambia "njoo kesho" mara ya saba, naye pia. Wanakutii kwa sababu wanakuamini. Unawapa nini, haki yao au karatasi ya deni?

Liemba ilizama, ikaopolewa mwaka 1924. Deni la jasho ukizikwa nalo, nani atakuopolea?

Usiku wa leo, kabla hujalala, mkumbuke mmoja unayemdai subira. Mpigie. Mlipe, japo nusu, na umwombe radhi.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.