Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

Hivi karibuni nilisimama kwenye daraja la Rusumo, pale mto Kagera unapoporomoka mpakani mwa Ngara na Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka hapo kwa muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benaco.

Wageni wengi walioleta misaada hawakujua Kinyarwanda. Wenyeji wasemao Kihangaza waliwaelewa wakimbizi, kwani lugha hizo ni ndugu. Mzee mmoja niliyemkuta Rusumo alikuwa mkalimani siku zile. Nikamwamkia, nikamsogezea kinasa sauti: walikuambia nini?

"Mwanangu," akajibu, "yale maneno yalipita kwangu tu. Hayakuwa yangu."

Nakiri nilikasirika. Mwandishi akinyimwa habari huona kaibiwa. Lakini kambini Benaco baadhi ya waliopanga mauaji walikuwa bado viongozi. Aliyemnong'oneza mkalimani jina la mmoja wao alikuwa amemkabidhi roho yake. Neno likivuja jioni, asubuhi hayupo.

Yaliyofuata Arusha yanampa mzee haki. Huko ndiko ilikokaa mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kanuni zake zilimtaka kila mkalimani aape, kabla ya kuanza kazi, kwamba atakuwa mwaminifu, hatapendelea na atatunza siri. Mashahidi wengi walitajwa kwa herufi badala ya majina. Kwa ulinzi huo, wakasema.

Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa komini ya Rusumo ng'ambo ya daraja, alikamatwa hapa Tanzania mwaka 2001. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30. Rufani ya mwaka 2006 ikaigeuza kuwa kifungo cha maisha.

Kumbe siri ya mkalimani haikuificha kweli. Ilimwachia mwenye neno achague lini aseme, na mbele ya nani.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huchota, haisimulii. Nilizima kinasa sauti, tukazungumza bei ya maharage.

Nasi mjini, tunapomwita mpita njia hospitalini amtafsirie mgonjwa asiyejua Kiswahili, tujiulize: huyu ameapa kwa nani?