Mawe ya Jinja

Jumamosi moja sisi walimu wachache tulifunga safari kwenda Jinja, katika nchi ya Uganda, tupate kupaona mahali ambapo mto Nile hutoka katika ziwa Viktoria. Tuliteremka kwa njia ya miguu, chini ya miti ya bustani, hata ukingoni; kisha tukavuka kwa mashua mpaka ng'ambo ya magharibi. Huko imesimamishwa nguzo ya kumkumbuka Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika hapo tarehe 28 Julai 1862, akayaita maporomoko ya maji kwa jina la Ripon, mkuu mmoja wa kwao.

Tuliyatafuta maporomoko hayo, wala hatukuyaona. Mwaka 1954 lilimalizika bwawa la Owen Falls, lililojengwa chini zaidi mtoni ili kupata umeme; maji yakapanda, yakaifunika miamba. Basi jina la Ripon limebaki vitabuni, na chenye jina kimezama.

Tukaulizana: Je, kabla ya Speke mahali pale hapakuwa na jina? Lilikuwako. Yeye mwenyewe aliandika ya kwamba wenyeji walipaita Mawe, ndiyo maana ya Jinja. Mawe yamezama, lakini jina lao ndilo jina la mji hata leo.

Tena Speke hakufika peke yake. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetiwa utumwani angali kijana, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Afrika mtu huru. Alikuwa pamoja na Speke mwaka 1858, alipoliona ziwa hilo mara ya kwanza upande wa Mwanza. Nao walisemezana kwa Kihindi. Baadaye alisafiri na Stanley, kisha na Cameron, hata wakatokea pwani ya magharibi ya Afrika mwaka 1875.

Twakiri kosa letu. Miaka mingi watoto walipotuuliza ni nani aliyeujua mwanzo wa Nile, tuliwajibu kwa jina moja tu. Sasa tutaanza na wale waliopaita Mawe, kisha tutamtaja Speke, na Bombay pamoja naye.

Nanyi, wasomaji wapendwa, waulizeni wazee majina ya kale ya mito yenu, mkayaandike wangali hai.