Majina na Alama za Elementi za Kemia: Kiswahili Kikitazamwa kutoka Sangailu

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi elementi za kemia zinavyopata majina na alama rasmi, na jinsi majina hayo yalivyoingia katika Kiswahili. Kipimo kimechukuliwa kwa makusudi kutoka Sangailu, katika eneo la Ijara, kusini mwa Garissa. Huko mtoto wa wafugaji huzungumza Kisomali nyumbani, hukutana na Kiswahili shuleni, sokoni na katika ofisi za serikali, kisha husomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Istilahi inayodai kuwa ya Afrika Mashariki nzima haina budi kupimwa mahali kama hapo, wala si Mombasa na Dar es Salaam peke yake.

Kabla ya karne ya 19 hapakuwa na utaratibu mmoja wa kutaja elementi. Metali zilizojulikana tangu kale zilibeba majina ya lugha za watu waliozitumia, na wataalamu wa Ulaya waliziandika kwa michoro iliyofungamana na sayari. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake nchini Ufaransa walitoa pendekezo la kuyapanga upya majina ya kemia, ili jina lieleze asili au tabia ya kitu. Ndipo yalipoenea majina kama oksijeni, yaani kizaa asidi, na hidrojeni, yaani kizaa maji, yote mawili yakiwa yameundwa kwa mizizi ya Kiyunani. Jina la kwanza lilijengwa juu ya dhana iliyokuja kuonekana kuwa si sahihi, kwa maana zipo asidi zisizo na oksijeni. Hata hivyo jina lilibaki. Hili ni funzo la kwanza kwa waundaji wa istilahi: jina likishaenea, ukweli wa maana yake ya asili hauna nguvu ya kuling'oa.

Alama zilifuata njia nyingine. Mwaka 1808 John Dalton wa Uingereza alitumia viduara vyenye nukta na mistari. Berzelius wa Uswidi, katika miaka ya 1813 na 1814, alipendekeza herufi za mwanzo za majina ya Kilatini. Kwa hiyo dhahabu ikawa Au kutokana na aurum, fedha Ag kutokana na argentum, chuma Fe kutokana na ferrum, na risasi Pb kutokana na plumbum. Kilatini hakikuwa lugha ya taifa lolote wakati huo, na kwa sababu hiyo hakuna taifa lililoweza kulalamika kwamba jirani yake amependelewa.

Tangu mwaka 1919 kazi hii imesimamiwa na Muungano wa Kimataifa wa Kemia Halisi na Kemia Tumizi, unaojulikana kwa kifupi IUPAC. Wagunduzi hupewa heshima ya kupendekeza jina, lakini hawaruhusiwi kuita wapendavyo. Jina hutokana na kisa cha kale, madini, mahali, sifa ya elementi yenyewe, au mwanasayansi. Mwisho wa jina nao una sheria: -ium kwa elementi za makundi ya 1 hadi 16, -ine kwa kundi la 17, na -on kwa kundi la 18. Pendekezo hutangazwa na umma hupewa miezi mitano ya kutoa maoni. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016, majina ya elementi za 113, 115, 117 na 118 yalipotangazwa mwezi Juni na kuthibitishwa mwezi Novemba.

Utaratibu huo haukuzaliwa bila ugomvi. Wakati wa uhasama wa Marekani na Urusi ya Kisovieti, elementi ya 104 iliitwa kurchatovium na upande mmoja na rutherfordium na upande wa pili. Ubishi juu ya elementi hiyo na zilizoifuata ulikatwa mwaka 1997 tu, jina la Rutherford likabaki, na mji wa Dubna ukapewa elementi ya 105. Yaonekana basi kwamba hata katika sayansi, anayetaja ndiye anayemiliki, na jina ni ushahidi wa nani alikuwapo.

Kiswahili kilikuwapo kwa namna gani? Tabaka la kwanza la majina yake ni la kale, nalo lilitokana na biashara na ufundi. Chuma ni neno la Kibantu. Dhahabu, fedha, risasi na zebaki yalitoka katika Kiarabu, kama ilivyo kwa kibiriti, jina la kale la salfa. Tabaka la pili ni la shule na vyombo vya lugha. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia zaidi tahajia na vitabu vya shule. Kazi yake ilirithiwa mwaka 1964 na chombo cha utafiti huko Dar es Salaam, kilichokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1967 Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1990 Taasisi hiyo ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Katika tabaka hili majina mengi yalichukuliwa kutoka Kiingereza na kupewa irabu za mwisho: kaboni, klorini, kalsiamu, argoni.

Njia hii imelaumiwa kwa uvivu, na lawama hiyo si ya haki kabisa. Viishio -iamu, -ini na -oni huhifadhi mgawanyo ule ule uliowekwa na IUPAC. Mwanafunzi akisikia oganesoni, kiishio kinamwelekeza kwenye kundi la argoni na neoni, na akisikia tenesini kinamwelekeza kwenye kundi la klorini. Sarufi nayo huweka alama yake. Elementi hizi ngeni huingia katika ngeli ya i-/zi-, hali chuma hubaki katika ki-/vi-. Upatanisho wa sentensi huonyesha ni neno lipi limezaliwa nyumbani.

Lakini udhaifu upo, nao huonekana wazi katika sodiamu. Mwaka 1807 Humphry Davy aliipata metali hiyo kutoka soda kali, akaiita kwa jina la soda. Berzelius alipendelea natrium, na alama Na ndiyo iliyodumu. Natrium hutokana na natruni, jina la magadi ya Misri, ambalo asili yake hufuatiliwa hadi Kimisri cha kale kupitia Kiyunani na Kiarabu. Alama K ya potasiamu hutokana na kalium, na mzizi wake ni neno la Kiarabu kwa majivu ya mimea. Kwa hiyo Kiswahili kimechukua jina kutoka London na alama kutoka Uswidi, na mwanafunzi hukariri Na bila kuona uhusiano wake na sodiamu. Baadhi ya waandishi wameandika natiri ili jina na alama vikutane. Linalostaajabisha zaidi ni kwamba Kiswahili kina neno lake kwa kitu chenyewe, yaani magadi, ambalo pia ni jina la ziwa la kusini mwa Kenya ambako magadi yamechimbwa kwa biashara tangu mwanzo wa karne ya 20. Davy alipanda kutoka soda hadi sodium kwa hatua moja. Mwalimu wa Kiswahili aweza kumpandisha mwanafunzi kwa ngazi hiyo hiyo, akianza na magadi, hata kama jina rasmi litabaki sodiamu.

Huko Sangailu hesabu hubadilika tena. Msomali huiita dhahabu dahab. Kwa mtoto huyo neno la Kiswahili ni jamaa, hali gold ni mgeni mtupu. Hata hivyo tahajia yaweza kumpotosha: katika mwandiko wa Kisomali uliofanywa rasmi nchini Somalia mwaka 1972, dh huwakilisha sauti ya ulimi uliokunjwa, wala si ile ya dhahabu. Neno risasi lina uzito mwingine. Kwa Kiswahili ni metali na pia ni kitu kitokacho katika bunduki, na rasaas ya Kisomali ni ndugu yake wa maana hii ya pili. Katika nchi iliyopitia vita vya miaka ya 1963 hadi 1967, maana hiyo ndiyo itangulayo akilini. Mwalimu asemaye Pb ni risasi hana budi kueleza kwanza kwamba anazungumzia metali. Kamusi iliyotungwa mbali haikulazimika kulifikiria jambo hilo.

Yafaa basi vyombo vya lugha, vya nchi moja moja pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, viige kutoka IUPAC si majina peke yake bali pia utaratibu. Istilahi itangazwe kwanza, walimu wapewe muda wa kujibu, na majibu ya Garissa yasomwe kwa uzito ule ule wa majibu ya pwani. Alama ni moja kwa dunia nzima na haihitaji kubadilishwa. Jina ndilo lililoachwa mikononi mwa kila lugha, na lugha isiyoitumia ruhusa hiyo huwaachia wengine waitumie kwa niaba yake.