Hati ya Kalamu ya Mwanzi Kisiwani Pemba

Kabla ya herufi za Kirumi kuenea kwa njia ya skuli, Wapemba waliojua kuandika waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hati hiyo walijifunza chuoni, kwa ubao na kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha. Na uzuri wake ulikuwa katika wembamba wa mstari na usawa wa nukta.

Matumizi yake yalikuwa mengi: barua, mikataba ya mashamba, hirizi, na kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa na mgonjwa akanywa maji yake. Katika zama za hati hiyo walitunga Kamange na Sarahani, washairi mashuhuri wa Pemba, ambao tungo zao zilichapishwa kitabuni mwaka 2011 kwa herufi za Kirumi.

Hata hivyo, herufi za Kiarabu hazikutosheleza sauti zote za Kiswahili. Aghalabu waandishi wa kale walitumia herufi moja kwa sauti b, p na mb. Hivyo neno lile lile laweza kusomwa bata, pata au mbata. Msomaji aliamua kwa maana ya sentensi, na katika shairi, kwa vina na mizani. Ni dhahiri basi kwamba hati hii ilimtaka msomaji awe mjuzi wa lugha yenyewe.

Leo waisomao wamepungua, na karatasi zilizomo makashani huliwa na mchwa. Kwa hiyo tunawausia walimu wawafunze vijana wasiitupe karatasi ya babu kwa kudhani ni Kiarabu. Huenda ni Kiswahili chao wenyewe.