Sindano ya Ndigana na Siri ya Magnesiamu

Katika maduka ya dawa za mifugo mjini Keroka, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, chupa ya oksitetrasaiklini, yenye dawa ya rangi ya manjano, ni kitu cha kawaida. Wafugaji wa kaunti hizo wanaowakatia ng'ombe wa gredi nepia wanaijua vyema. Wasichoelezwa ni kwamba dawa hiyo ndiyo iliyowezesha chanjo ya ndigana kali, na kwamba nguvu yake yote inategemea chembe ndogo mno ya madini, ayoni ya magnesiamu.

Ndigana kali huletwa na kijidudu Theileria parva, kinachosambazwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni. Mwaka 1897 Robert Koch alikiona kijidudu hicho katika damu ya ng'ombe Dar es Salaam, lakini akakidhania kuwa cha ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye, ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliufikisha ugonjwa Rhodesia, nao ukaua mifugo mingi kusini mwa bara.

Mwaka 1953, mtafiti W.O. Neitz wa Onderstepoort, Afrika Kusini, alieleza kwamba dawa mpya ya jamii ya tetrasaiklini, iliyotokana na bakteria wa udongoni, iliuzuia ugonjwa kama ng'ombe angepewa mapema, kabla ya homa kupanda. Akishavimba matezi, dawa hiyo haimponyi. Mfugaji yeyote anapaswa kuambiwa jambo hili, maana wengi hukimbilia chupa ile ya manjano wakati ng'ombe tayari anahema kwa shida.

Huko Muguga, magharibi ya Nairobi, watafiti wa shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki walilitumia wazo hilo kwa ujasiri ninaoustahi sana. Walisaga kupe wenye vijidudu hai, wakamdunga ng'ombe majimaji ya kupe hao, na papo hapo wakampa tetrasaiklini. Ng'ombe aliugua kidogo tu, kisha akabaki na kinga ya muda mrefu. Mwaka 1975 mmoja wa watafiti hao, Radley, na wenzake walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa aina tatu za kijidudu: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti, hii ya mwisho ikiwa imetoka kwa nyati. Kwa nini dawa ilikizuia kijidudu? Hapo Muguga hawakuwa na picha ya kuwaonyesha.

Jibu lilikuwa likitafutwa kwingine kabisa. Mwaka 1958, Alfred Tissières na James Watson walikuwa Harvard wakichunguza ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini. Walipopunguza magnesiamu, ribosomu ya bakteria iligawanyika vipande viwili, kikubwa na kidogo. Walipoiongeza, vipande viliungana tena. Sababu iko katika RNA, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ribosomu. Uti wake umejaa fosfati zenye chaji hasi, nazo husukumana. Magnesiamu ina chaji chanya mbili, hivyo huingia kati ya fosfati na kuziruhusu zikae karibu, RNA ikajikunja na kushika umbo lake. Ila magnesiamu hiyo hiyo, joto likizidi, huharakisha kukatika kwa RNA. Seli haiwezi kuikosa, wala haiwezi kuiacha izidi.

Mwaka 2000 kundi la Venki Ramakrishnan, Cambridge, lilionyesha tetrasaiklini ikiwa imekaa ndani ya kipande kidogo cha ribosomu. Dawa imeishika ayoni ya magnesiamu, na kwa kupitia ayoni hiyo imejishikiza kwenye RNA, mahali hasa ambapo RNA nyingine huleta asidi-amino, vipande vya kujengea protini. Nafasi imezibwa, protini haitengenezwi. Chembe inayoishikilia ribosomu ndiyo hiyo hiyo inayompa adui njia ya kuingilia. Mwaka 2009 Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath walipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya ribosomu.

Theileria si bakteria, lakini ndani yake kuna kiungo kidogo, masalia ya mwani uliomezwa zamani sana, chenye jenomu yake na ribosomu za mfano wa bakteria. Jenomu hiyo ilichapishwa mwaka 2005 pamoja na ya kijidudu chenyewe, katika kazi iliyoshirikisha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi. Inadhaniwa kuwa hapo ndipo tetrasaiklini inapokibana kijidudu.

Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania waliichangamkia chanjo ile ya Muguga. Kwa Keroka, hata hivyo, kuna kikwazo. Chanjo huhifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, kila mrija ukiwa na dozi kama 40, na mrija ukishayeyushwa lazima utumike siku hiyo hiyo. Mwenye ndama mmoja au wawili anahitaji kwanza majirani wa kutosha, wa Kisii na wa Nyamira pia, waliokubaliana siku moja na daktari mmoja wa mifugo.